Hakifunguki au Hakifungui? Lugha ya Kuelezea Hitilafu za Kizinduzi cha Zana za Programu

Utangulizi

Makala haya yanashughulikia jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza linaonekana kuwa la mafundi wa tarakilishi wala si la wanafunzi wa Kiswahili, yaani namna ya kukianzisha kizinduzi cha zana za kuundia programu na namna ya kukitengeneza kinapogoma. Hata hivyo, mwanafunzi wa isimu wa siku hizi hawezi kulikwepa. Anayetaka kujua ni mara ngapi kiambishi -ki- cha masharti kinajitokeza katika riwaya nzima, au ni nomino zipi za ngeli ya N-N zinazoandamana na upatanisho wa A-WA, haketi tena na kadi mia tano na kalamu ya risasi. Kongoo ya Helsinki ya Kiswahili, katika toleo lake la pili la mwaka 2016, ina maneno yapatayo milioni 25. Hakuna jicho la binadamu litakaloyapitia yote na kubaki likiona sawasawa.

Kazi ya namna hiyo hufanywa kwa programu fupi zinazoandikwa na mtafiti mwenyewe, na mara nyingi kwa lugha ya Python, iliyotolewa kwa mara ya kwanza na Guido van Rossum mwaka 1991. Njia nyepesi ya kuipata Python pamoja na zana zake ni mkusanyiko uitwao Anaconda, ulioanza kutolewa mwaka 2012. Mlango wa mkusanyiko huo, kwa mtu asiyezoea kuandika amri, ni kizinduzi kiitwacho Anaconda Navigator.

Tatizo linaanzia mlangoni hapo. Chukulia mwanafunzi wa uzamili aliyekusanya matini kwa mwaka mzima. Asubuhi moja anabofya ikoni ya kizinduzi na hakuna kinachotokea. Anabofya tena, kisha tena. Anamwendea mwenzake na kumwambia, "Imeharibika." Mwenzake, kwa nia njema kabisa, anamshauri afute kila kitu na kusakinisha upya. Anafuta folda nzima ya Anaconda, na ndani ya folda hiyo, bila kufahamu, ndimo alimokuwa akihifadhi daftari zake za uchanganuzi. Kizinduzi kipya kinafunguka vizuri sana. Kazi ya miezi haimo.

Hoja ya makala haya ni kwamba hasara ya aina hii husababishwa na sentensi kabla ya kusababishwa na mashine. Neno "imeharibika" halisemi lolote ambalo fundi anaweza kulifanyia kazi. Kiswahili kinavyo viambishi vya kutosha kutofautisha hali nne au tano za kizinduzi kinachogoma, na kila hali ina dawa yake.

Kizinduzi ni nini

Kitenzi zindua kina maana ya kumwamsha mtu kutoka usingizini au katika bumbuwazi, na katika matumizi ya hadhara ndicho tunachokisikia kitabu kinapozinduliwa au jengo linapofunguliwa rasmi. Kizinduzi cha zana, basi, ni programu ambayo kazi yake ni kuziamsha programu nyingine. Navigator haihesabu maneno, haihariri faili, wala haichori jedwali. Inaonyesha orodha ya zana zilizopo, kama vile JupyterLab, Jupyter Notebook na Spyder, na chini ya kila zana kuna kitufe cha kuifungulia. Ilichukua nafasi ya kizinduzi cha awali cha mkusanyiko huohuo mwaka 2016.

Istilahi nyingine zinazotumika hapa si ngeni kwa wasomaji wengi. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, ulionyesha mapema kwamba menyu nzima ya programu za ofisini inaweza kusomeka kwa Kiswahili. Navigator haijapata bahati hiyo, kwa hiyo vitufe vyake vitatajwa hapa kwa majina yaliyoandikwa juu yake. Neno moja linahitaji kutetewa. Programu nyingi huweka faili inayorekodi, saa kwa saa, kila zilichofanya na kila kilichozikwaza. Makala haya yanaiita faili hiyo batli, kwa kuwa mabaharia wa pwani wanalo tayari neno hilo kwa daftari la nahodha linaloandikwa habari za safari, na kazi ni ileile.

La kushikilia katika sehemu hii ni kwamba kizinduzi ni bawabu. Bawabu akiugua, waliomo nyumbani hawajafa. Python ipo, Spyder ipo, na daftari zipo mahali zilipohifadhiwa. Kinachokosekana ni yule wa kufungua mlango, na nyumba hii ina mlango wa nyuma.

Kukianzisha

Anaconda kamili huhitaji nafasi ya angalau gigabaiti 5 katika diski. Mwenye tarakilishi ndogo anaweza kusakinisha Miniconda, ambayo ni nyepesi, lakini ajue kwamba Miniconda haiji na Navigator. Itabidi aiongeze kwa amri conda install anaconda-navigator. Wapo wanaotafuta kizinduzi siku nzima katika tarakilishi ambayo hakikuwahi kuwekwa.

Wakati wa kusakinisha, njia ya folda ya Anaconda isiwe na nafasi kati ya maneno wala herufi zilizo nje ya alfabeti ya kawaida. Jambo hili ni dogo kulisema na kubwa kulirekebisha. Mtumiaji wa Windows aliyejisajili kwa majina mawili yenye nafasi katikati atapata folda yenye nafasi hiyohiyo, na baadhi ya vifurushi vitakwama hapo. Ni heri achague folda nyingine tangu mwanzo.

Katika Windows, kizinduzi huanzishwa kutoka menyu ya kuanzia, penye jina Anaconda Navigator. Katika Mac hupatikana miongoni mwa programu nyingine zilizosakinishwa. Katika Linux hufunguliwa kidirisha cha amri na kuandikwa anaconda-navigator. Amri hiyohiyo inafanya kazi katika mifumo yote mitatu, ila mtumiaji wa Windows ni bora aiandike katika kidirisha maalumu kiitwacho Anaconda Prompt. Kidirisha cha kawaida cha Windows huenda kikajibu kwamba amri haitambuliki, na jibu hilo halimaanishi kwamba Anaconda imetoweka. Maana yake ni kwamba kidirisha hicho hakijaelekezwa ilipo. Katika Linux na Mac, jibu la namna hiyo kwa kawaida hutibiwa kwa kuandika conda init, ikiwa conda yenyewe inafikika, kisha kukifunga kidirisha na kukifungua kingine.

Hakijafunguka

Sentensi ya kwanza ni "Kizinduzi hakijafunguka." Kiambishi -ja- hukanusha hali timilifu, lakini hakiufungi mlango wa matarajio. Tendo halijatimia na bado linaweza kutimia. Navigator ni nzito kuamka. Kabla ya kuonyesha dirisha lake, hukagua mazingira yaliyomo, husoma orodha za vifurushi na kujaribu kuwasiliana na hazina zake kwenye intaneti. Katika tarakilishi yenye diski ya zamani, dakika moja au zaidi ya ukimya ni jambo la kawaida. Mwanafunzi aliyebofya mara tatu kwa haraka amewaita mabawabu watatu kwenye mlango mmoja, na mara nyingi atakacholetewa ni ujumbe kwamba Navigator nyingine tayari inaendelea.

Ujumbe huo unapotokea na hakuna dirisha lolote linaloonekana, mchakato wa awali umebaki nyuma ya pazia. Katika Windows hufunguliwa kisimamizi cha kazi, ukatafutwa mchakato uitwao pythonw.exe, kisha ukakatizwa. Tahadhari moja: Spyder nayo huweza kuonekana kwa jina hilohilo. Aliye na Spyder wazi ahifadhi kazi yake na kuifunga kwanza. Iwapo hana uhakika, kuizima tarakilishi na kuiwasha upya kutafanya kazi hiyohiyo bila kubahatisha.

Intaneti nayo ina sehemu yake. Katika baadhi ya mitandao ya taasisi, mawasiliano hupitia seva ya kati inayozuia anwani fulani, na kizinduzi hubaki kikingoja jibu lisilokuja. Kipimo chake ni rahisi: intaneti ikatwe kisha kizinduzi kianzishwe. Navigator ikigundua kwamba hakuna intaneti hujiweka katika hali ya nje ya mtandao, na zana zilizokwisha kusakinishwa huzinduliwa kama kawaida. Kikifunguka upesi namna hiyo, ugonjwa uko katika mtandao, na hali hiyo ya nje ya mtandao inaweza kuwekwa ya kudumu katika mapendeleo ya programu.

Hakifunguki

Sentensi ya pili, "Kizinduzi hakifunguki," ina uzito mwingine. Ukanushi wa wakati uliopo kwa kiishio -i hudai jambo la kudumu: kimejaribiwa, kikangojewa, kikajaribiwa tena. Asiyengoja hana haki ya kuitumia sentensi hii, na fundi mwenye uzoefu atamuuliza swali hilo kwanza.

Hatua ya kwanza hapa, kwa maoni ya makala haya, ni kuuacha mlango wa mbele na kupita ule wa nyuma. Katika kidirisha cha amri mwanafunzi aandike spyder, au jupyter notebook. Zana hizo zikifunguka, amekwisha kujua mambo mawili makubwa: kwamba kazi yake iko salama, na kwamba kilichougua ni bawabu peke yake. Anaweza hata kuendelea na uchanganuzi wake siku nzima na kuyaacha matengenezo hadi jioni. Inashangaza kwamba hatua hii, isiyo na hatari yoyote, ndiyo inayorukwa na wengi.

Baada ya hapo, kizinduzi chenyewe kianzishwe kwa amri badala ya kubofya ikoni. Ikoni ikishindwa hunyamaza. Kidirisha cha amri hueleza. Maelezo hayo huja kama mistari mingi ya kutisha iliyojaa njia za faili, na msomaji asiyezoea huianza juu kama asomavyo barua, akachoka kabla ya kufika mwisho. Ripoti ya hitilafu ya Python husomwa kuanzia chini. Mstari wa mwisho ndio unaotaja aina ya kosa na sababu yake, na iliyo juu yake inaeleza njia iliyopitiwa mpaka kufikia hapo. Mstari huo ndio wa kunakiliwa na kumpelekea fundi. Picha ya skrini nzima iliyopigwa kwa simu, nusu ikiwa ukungu, haimsaidii sana. Ikiwa kidirisha nacho hakisemi, ipo batli. Katika folda ya mtumiaji mna folda iitwayo .anaconda, ndani yake navigator, ndani yake logs, na humo mna faili navigator.log.

Mstari wa mwisho ukitaja sehemu iliyokosekana au toleo lisiloafikiana na jingine, dawa ya kawaida ni kukisasisha kizinduzi kwa amri conda update anaconda-navigator, hali Navigator yenyewe imefungwa. Kuna chanzo kingine ambacho kimewasumbua wengi waliokuwa na Python ya awali kabla ya Anaconda. Usakinishaji wa zamani huweza kuacha kigeu cha mfumo kiitwacho PYTHONPATH, kinachoiambia kila Python mahali pa kutafutia maktaba. Navigator inaamka, inakielekea kigeu hicho, na kukuta maktaba za toleo lisilo lake. Kikiondolewa, utata huisha.

Kilifunguka kikajifunga

Sentensi ya tatu inabebwa na -ka- ya mfululizo: dirisha lilionekana, kisha likatoweka lenyewe. Thamani ya kiambishi hiki ni kwamba kinaonyesha tendo la kwanza lilifaulu. Python ipo na inafanya kazi, na sehemu kubwa ya kizinduzi ni nzima. Kilichokiangusha, kwa kawaida, ni kitu kilichosomwa baada ya kuamka, hususan faili za mipangilio.

Amri anaconda-navigator --reset huirejesha mipangilio ya kizinduzi katika hali ya mwanzo. Haigusi mazingira yaliyoundwa na mtumiaji wala faili zake, kwa hiyo hakuna sababu ya kuiogopa. Isipofaulu, itazamwe faili iitwayo .condarc katika folda ya mtumiaji. Faili hii ndiyo yenye maagizo kuhusu hazina za vifurushi, na mwandiko wake una adabu kali ya nafasi. Mstari uliosogezwa kwa kitufe cha Tab badala ya nafasi za kawaida unatosha kuibatilisha. Mwanafunzi asiifute. Aibadilishe jina tu, kisha ajaribu tena. Kizinduzi kikisimama, mkosaji amepatikana na ushahidi wake bado upo.

Kimefunguka lakini hakifungui

Sasa tufikie jozi iliyotoa jina la makala haya. Kati ya hakifunguki na hakifungui tofauti ni kiambishi kimoja cha unyambuaji, -k- cha kauli ya kutendeka. Katika sentensi ya kwanza kizinduzi ndicho kinachopaswa kufunguka. Katika ya pili kimekwisha kufunguka, lakini hakiifungui zana kilichoagizwa kuifungua. Mwanafunzi anayechanganya maneno haya mawili anamtuma fundi nyumba isiyo yake, kwa sababu hakuna hata moja kati ya dawa zilizotajwa hapo juu inayofaa hapa.

Sababu ya mara kwa mara ni mazingira. Anaconda humruhusu mtumiaji kuunda mazingira mengi yanayojitegemea, kila moja likiwa na Python yake na vifurushi vyake, ili kazi moja isiivuruge nyingine. Mazingira ya awali huitwa base. Mwanafunzi anapounda jingine, tuseme aliloliita tasnifu, na kulichagua juu ya ukurasa wa mwanzo wa Navigator, anakuta kitufe kilichokuwa kimeandikwa Launch sasa kimeandikwa Install. Anadhani Spyder imefutika. Haikufutika. Ipo katika base, na katika tasnifu haijawahi kuwekwa. Aisakinishe humo, au arudi katika base.

Sababu ya pili ni dhana potofu kuhusu Jupyter. Zana hii hufunguka ndani ya kivinjari, na kwa hiyo wengi huamini kwamba inahitaji intaneti. Anwani inayoonekana, localhost:8888, ni ya tarakilishi hiyohiyo. Jupyter ni seva ndogo inayohudumu na kuhudumiwa chini ya paa moja. Mlango wa 8888 ukiwa umeshikwa na Jupyter iliyosahauliwa wazi, ile mpya itahamia 8889, na aliyehifadhi anwani ya zamani katika kivinjari atajikuta katika daftari asilolitarajia. Iwapo hakuna ukurasa unaofunguka, amri jupyter notebook itachapisha anwani kamili pamoja na ufunguo wake. Anwani hiyo inakiliwa nzima, bila kupunguza herufi, na kubandikwa katika kivinjari.

Kuna hali nyingine inayobebeshwa kizinduzi lawama isiyo yake. Zana imefunguka, lakini programu ya mwanafunzi haiendi. Python inapotafuta maktaba huanza kwa kawaida katika folda ya programu yenyewe. Mwanafunzi anayejifunza kutumia maktaba ya lugha iitwayo NLTK, akaipa faili yake ya kwanza jina nltk.py, ataagiza maktaba na kuletewa faili yake mwenyewe. Aliyetaka kuhesabu wastani wa urefu wa sentensi, akaiita faili statistics.py, yatamfika hayohayo. Angeiita takwimu.py asingepata taabu, maana maktaba za kawaida za Python zina majina ya Kiingereza, na majina ya Kiswahili hayagongani nazo. Hii ni faida ya kutumia lugha yetu ambayo haijatajwa katika mijadala mingi kuhusu Kiswahili na teknolojia, ingawa inapatikana bila bajeti wala kamati.

Kabla ya kufuta

Kusakinisha upya si dhambi. Wakati mwingine ndiyo njia fupi, hasa faili za Anaconda zinapokuwa zimeharibiwa na umeme uliokatika katikati ya usasishaji. Lakini kuna mambo ya kutangulizwa. Daftari za Jupyter, zenye kiishio .ipynb, na programu zenye kiishio .py zitafutwe katika tarakilishi nzima, si pale tu mwanafunzi anapodhani alizihifadhi. Zitakazopatikana ndani ya folda ya anaconda3 zitolewe humo na zinakiliwe nje, na matini ghafi za utafiti vilevile. Kisha orodha ya vifurushi ihifadhiwe kwa amri conda env export > mazingira.yml, itolewayo mazingira husika yakiwa yamewashwa, ili baadaye ijulikane ni matoleo yapi yaliyotumika. Swali hilo mtahini anaweza kuliuliza.

Na kama ni lazima kuomba msaada, ombi liandikwe kwa sentensi zinazobeba viambishi vyake. Mfano: "Natumia Windows. Kizinduzi kilifunguka kikajifunga mara mbili, asubuhi na mchana. Spyder inafunguka kwa amri. Nimekirejesha katika mipangilio ya mwanzo, hakijabadilika. Faili .condarc sijaigusa. Mstari wa mwisho wa batli ni huu ufuatao." Fundi anayeupokea ujumbe huo hatauliza kama kizinduzi kimeharibika. Ataanza na .condarc.